Mji Ambao Alal Hakupewa

Kama hujapata kulala ndani ya mama-ingia-pole, hujui joto, na baridi pia hujui. Ni vile vinyumba vya bati vya duara katika kambi ya polisi juu ya kilima cha Nsambya, vyenye mlango mfupi hata mama aliyebeba mtoto mgongoni sharti ainame na aingie polepole. Ndipo vikapata jina hilo. Alal alizaliwa humo, binti wa Sajini Ongom. Leo ana miaka sitini na mitano, anakaa chini kidogo ya kilima hicho hicho katika nyumba ya matofali yenye mlango mrefu wa kupita twiga, na bado huinamisha kichwa akiingia.

"Jajja, unamsalimia nani?" mjukuu wake Amito humcheka.

"Namsalimia mama yangu," Alal hujibu, na siyo mzaha wote.

Jumatano moja alikuwa barazani akichambua maharage, na Amito, anayesomea sheria chuoni, yuko ndani na vitabu vyake, ndipo Mama Vera akapiga hodi. Huyu Mama Vera ni Mkenya. Jina lake Rosebella, lakini katika soko la Owino hakuna anayelijua. Walikaa meza kwa meza miaka ishirini pale sokoni, Alal akiuza mapazia ya mitumba na mwenzake sare za shule, na wote wawili wakiwafukuza wezi kwa mwiko mmoja. Sasa Mama Vera ni kiongozi wa akina mama parokiani.

"Jumapili baada ya misa kuna mjadala ukumbini," alisema, akijikaribisha kwenye mkeka. "Habari ya bangi. Eti mtu akikutwa nayo ya kuvuta mwenyewe, aendelee kufungwa ama sheria imlegezee. Watoto wa chuo wanasema asifungwe. Asifungwe! Apewe nini, soda?"

"Apewe ushauri, Mama Vera," sauti ya Amito ilitoka ndani. "Hakuna aliyesema iuzwe dukani. Tunasema tu gereza si dawa."

"Wewe nyamaza, shali yako ya kwanza nilikununulia mimi." Kisha akamgeukia Alal. "Dada yangu, nimekuandika useme upande wetu. Binti wa polisi, mjane wa polisi. Ukisimama wewe, nani atabisha?"

Mkono wa Alal ulikuwa umesimama ndani ya ungo. Alisema, "Kale, haya, nitafikiri," akamwongezea mgeni chai. Mama Vera alipoondoka, maharage yalikaa pale pale hadi kuku akaanza kuyadonoa.

Sababu ya mkono ule kusimama inatupeleka nyuma miaka hamsini na sita, katika mstari ule wa vinyumba vya bati.

Ilikuwa hivi. Jioni, bendi ya polisi ikishamaliza mazoezi uwanjani na vyombo vimerudishwa stoo, akina mama walipakua chakula, na watu wa mstari mzima wakakaa nje. Waacholi walikuwapo, Wateso, Walugbara, na hata Mzee Oloo, Mjaluo wa reli, aliyevuka kutoka nyumba za reli kwa sababu alipenda kelele za watoto. Lugha ya kuwaunganisha wote ilikuwa Kiswahili, na mchezo wa kuwaunganisha ulikuwa vitendawili. Kila mtu alikuwa na haki sawa, sajini na mtoto. Ukitega na wenzako wakashindwa, unasema, "Nipeni mji!" Wanakupa mji, ukiupenda unauchukua, na kabla ya kutoa jibu unaeleza safari yako: nilikwenda Mbale nikaona hiki, nikala kile. Alal alikuwa ameshapewa Arua, Moroto na Masaka, ingawa miguu yake ilikuwa haijavuka mtaa jirani wa Kibuye.

Kaka yake Okwera alikuwa na miaka kumi na minane. Huyo alikuwa na pumzi! Alijifunza tarumbeta kwa kusimama tu nje ya uzio wa bendi, mpaka mkubwa wa bendi akamwita ndani. Barua ya kumpokea ilikuwa imekwishakuja, ina muhuri, na mama yao Adoch aliifungia sandukuni pamoja na nguo zake za harusi. Jumatatu aripoti.

Jumamosi ile Alal, mwenye miaka tisa, alikuwa na kitendawili kipya, alichokitunga mwenyewe. Wiki nzima alikikalia kama kuku.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina mgeni bustanini. Mbuzi hamli, kuku hamdonoi, mama hampiki. Kaka akikaa naye, anacheka peke yake."

Watu walifikiri. Mzee Oloo akasema kinyonga. Amekosa. Mama akasema kivuli. Amekosa.

"Nipeni mji!"

"Nakupa Kisumu," alisema Mzee Oloo.

"Kisumu mbali. Siutaki."

"Haya, Tororo."

"Tororo kuna mwamba tu!"

Wote walijua anangoja Gulu, kwa bibi yake, nao wakamzungusha makusudi ili wacheke. Hapo Okwera, aliyekuwa akisugua kwa kitambaa mdomo wa tarumbeta aliyoazimwa na bendi, alisema harakaharaka, "Mimi nimekijua. Ni magugu tu. Kimekwisha, twende ndani."

"Umekosa!" Alal aliruka kwa furaha. "Na uliyempanda ni wewe mwenyewe!"

Sajini Ongom aliweka kikombe chini. "Bustani gani, binti yangu?"

Naye akidhani baba ameingia mchezoni, alimshika kidole akamwongoza hadi nyuma ya majiko, katikati ya mahindi na mchicha. Mche ulikuwa mmoja. Ulifungwa kwenye kijiti kwa kamba ya ndizi, kama vile mtu anavyofunga nyanya. Alal alidhani ni ua la kaka yake. Siku mbili alimkuta pale amechuchumaa na moshi wake, anacheka na mahindi. Lakini baba yake ndiye aliyetunza vitu vilivyokamatwa kituoni, na mara kwa mara alichoma magunia ya mmea ule pembeni ya uwanja. Hakuhitaji taa kuujua.

Wangekuwa wao wawili tu, angeung'oa, angemchapa kijana wake viboko vya kukumbuka, mambo yangeishia hapo. Lakini alipogeuka, mstari mzima ulikuwa nyuma yake, umefuata jibu la kitendawili.

"Afande," Mzee Oloo alisema taratibu, "sisi macho yetu mabovu. Hatujaona kitu."

"Mmeona," alisema Sajini Ongom.

Asubuhi alivaa sare, akampeleka mwanawe kituoni mwenyewe, kwa miguu. Okwera alifungwa miezi kumi na minane. Jumatatu bendi ilipiga kama kawaida. Barua ilibaki sandukuni mpaka mama alipokufa, na hakuna aliyetega tena kitendawili katika nyumba ile. Baba hakumgombeza Alal hata siku moja. Laiti angemgombeza!

Okwera alipotoka alikwenda mtaa wa Bwaise, upande wa pili wa jiji, akabaki huko. Walikutana misibani na harusini, wakaongea habari za mvua na magoti. Nsambya hakukanyaga tena, hata mama yake alipolazwa hospitali ya kilimani. Aliuliza hali kupitia watu. Na Alal miaka yote aliamini anajua sababu. Sababu ni yeye.

Ijumaa alimwambia Amito anakwenda kutafuta dawa ya mgongo, akapanda gari la kwenda Bwaise.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mifereji ilikuwa imemwaga kila ilichokuwa nacho barabarani. Alivuka ubao mmoja, akavuka wa pili, sketi mkononi. Okwera alikuwa chini ya mwavuli wake kando ya Bombo Road, amezungukwa na viatu vya watu, miwani imefungwa kwa uzi. Alipomwona alisimamisha sindano.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa."

"Sasa mbona umekuja?"

"Kumbe mimi ni wa matanga tu?"

"Tangu lini wewe ulikuja bila matanga?" Alimsogezea kigoda, akamvua kiatu cha kulia bila kumuuliza, akakigeuza. "Hii soli imeshaachana na mwenzake. Kaa."

Alal alikaa, mguu mmoja mtupu. Sasa hata angetaka kukimbia angekimbiaje?

"Parokiani wanataka nisimame niseme habari ya bangi," alisema. "Niseme watu waendelee kufungwa."

"Sema basi."

"Omera, kaka yangu, mimi nikisimama pale nitasema nini? Ninalolijua mimi ni moja tu, na hilo ni lako."

Okwera alivuta uzi, akaulamba, akautia tena sindanoni. "Usinipake sukari, ehe. Mimi nilivuta, na nilipenda. Na hapa Bwaise naona vijana wanaamka nayo na kulala nayo, wengine akili imeshahama. Siwezi kumwambia mtu ni kitu kizuri."

"Na gereza?"

"Gerezani nilijifunza kushona viatu." Alifikiri kidogo. "Na kuvuta vizuri zaidi." Alicheka mpaka akakohoa, na Alal akampiga mgongoni, na katika kumpiga akasikia mifupa ya kaka yake imekuwa midogo.

"Nilidhani ni ua," alisema. Miaka hamsini na sita, na ndiyo mara ya kwanza. "Okwera, nilidhani ni ua lako tu."

"Alal. Ulikuwa na miaka tisa. Nani alikuambia nina kesi na mtoto wa miaka tisa?"

"Basi kwa nini hukurudi Nsambya?"

Okwera alimkabidhi kwanza mteja mmoja viatu vyake. "Kwa sababu ya bendi," alisema mwishowe. "Kila asubuhi wanapuliza. Pale kilimani utajificha wapi? Hata chooni unaisikia."

Alal alitazama mguu wake mtupu. Alikuwa ameubeba mzigo wa mtu mwingine maisha yake yote, na kaka mwenyewe alikuwa na wake tofauti, wala hawakuulizana. Kisha, pengine kwa kuwa alikuwa kwenye kigoda kifupi na kaka yake juu yake kama zamani, neno lilimtoka lenyewe.

"Nipe mji."

"Nini?"

"Kile kitendawili hakikuisha. Hakuna aliyenipa mji."

Okwera aliinua miwani. "Banange, huyu mzee! Ulikuwa unataka Gulu."

"Nilikuwa nataka Gulu."

"Gulu kila mtu anakwenda sasa, mabasi yamejaa." Alikata uzi kwa meno, akamvalisha kiatu, akafuta matope juu yake kwa kiganja. "Nakupa Nsambya."

"Nsambya siyo mji."

"Kwangu ni mji. Chukua. Ukifika, sema yale uliyoyaona. Ndiyo sheria ya mchezo, ama siyo?"

Jumapili ukumbi wa parokia ulijaa, joto tupu. Amito alisema ya kwake vizuri, na makaratasi. Daktari mmoja akasema ya vichwa vinavyoharibika, naye vizuri. Kisha Mama Vera akamwita dada yake, binti wa polisi na mjane wa polisi, na makofi yakapigwa kabla hajafungua mdomo.

"Kitendawili!" alisema Alal.

Vijana walitazamana. Ni wazee, hapa na pale, walioitika: "Tega!"

Akatega. Mgeni bustanini, mbuzi hamli, kuku hamdonoi. Hakumaliza vizuri, mwanamume mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Bangi hiyo!" Ukumbi ukaangua kicheko.

"Ndiyo," alisema Alal. "Baba yangu naye aliijua upesi hivyo hivyo." Akangoja wanyamaze. "Mimi nimepewa mji wa Nsambya. Nilikwenda Nsambya, nikakuta nyumba za bati na watu wanakula nje. Nikakuta kijana wa miaka kumi na minane ana tarumbeta, anaisugua mdomo kwa kitambaa..."

Alisafiri pole, hakuruka kituo. Alisema mche, kamba ya ndizi, kidole cha baba yake mkononi mwake. Alisema barua yenye muhuri ndani ya nguo za harusi.

"Sisemi ni mboga," alimalizia. "Kaka yangu mwenyewe amekataa kusema ni nzuri. Nasema mche ulikuwa mmoja. Baba angeung'oa akautupa, amchape, na Jumatatu kijana angekwenda bendi. Lakini sheria ilimpa jibu moja tu, na watu walikuwa wanatazama. Basi."

Mama Vera ndiye aliyesimama, na sauti yake haikuwa ile ya sokoni. "Mimi mdogo wangu Travis alianza na mmoja hivyo hivyo. Leo hanijui jina. Ananiita sista, kama anavyowaita wauguzi. Angefungwa mapema, labda..."

Alal alirudi kwenye benchi. Alisogea kando, akapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja, na Mama Vera akaja akakaa. Mjadala uliendelea juu ya vichwa vyao. Hawakupiga kura, sheria haitungwi parokiani. Lakini siku ile wanawake wawili walishuka kilima wameshikana mikono, na mmoja akimwuliza mwenzake Travis alikuwa mtoto wa namna gani.

Jumatatu asubuhi simu ya Alal ililia akiwa anafagia uani.

"Ulifika?" sauti ya Okwera iliuliza.

"Nilifika."

"Ulisema?"

"Nilisema yote. Hata kamba ya ndizi."

Nyuma ya sauti yake magari ya Bombo Road yalikuwa yakipiga honi. Kwa Alal upepo ulikuwa ukishuka kutoka uwanjani.

"Bado wanapuliza?" aliuliza Okwera.

Alal aliinua mkono wenye simu juu ya kichwa chake, juu kadiri bega lilivyoruhusu, akasimama hivyo katikati ya ua na fagio kwa mkono wa pili, huku wimbo wa gwaride ukipita juu ya mabati. Bega lilipochoka alibadilisha mkono. Wimbo ulipoisha aliirudisha simu sikioni, akasikia mtu anapumua.

"Yule wa tarumbeta anakimbia," alisema Okwera. "Mwambie asikimbie."