Mlonge wa Namba Kumi na Nane

Mak Senah alikuwa ameiota tena ile nyumba. Ndotoni madirisha yalikuwa wazi, pazia linapepea, na ndani mtu anafagia taratibu, kwa raha zake, kama aliye kwake. Hakuwahi kumwona uso. Aliamka katika chumba chake cha kupanga, akapika wali wa nazi, akaenda kuuuza kwenye kona ya mtaa, na nyumba yenyewe ikawa pale mbele yake, namba kumi na nane, imefungwa kama kawaida, ukungu umeikalia mpaka paani.

Miaka mitano ilikuwa hivyo. Serikali ilizitenga baadhi ya nyumba za mtaa ule kwa Wamalei, wenyeji wanaoitwa watoto wa ardhi, tena kwa bei nafuu, ili wanyonge wao wainuke. Maneno matamu. Mak Senah alikuwa Mmalei tangu utosini hadi nyayoni, na unyonge wake haukuhitaji shahidi, lakini hata bei hiyo nafuu hakuiweza. Sera hiyo ya kuwainua Wamalei ilianza yeye hajaota meno. Sasa yalikuwa yameanza kumtoka.

Pesa alikuwa nazo shoga yake Rani, fundi cherehani, Mtamil wa asili ya India. Rani alizaliwa papo hapo, mtaa ulipokuwa bado shamba la michikichi, na mlonge ulioko nyuma ya namba kumi na nane mama yake aliupanda pale alipozika kitovu cha mwanawe. Alipokwenda kuiulizia nyumba, ofisini walimjibu kwa upole kwamba hiyo si ya watu wa kwenu. Basi kila asubuhi alipenya kwenye uwazi wa ua, akachuma majani, akamletea Mak Senah nusu.

"Dada, mgao wa shamba lako huu."

"Uwe unachuma polepole, mpangaji wangu. Utanivunjia matawi."

"Nikivunja utanifukuza?"

"Nitakupandishia kodi."

Wakacheka, mvuke wa wali ukawapanda usoni, na kwa kitambo nyumba ilionekana kama yao wote wawili.

Asubuhi moja, ukungu haujainuka, wanaume wawili waliteremka garini na mashoka, wakaufungua ua wa nyuma. Mak Senah aliwafuata na mwiko mkononi. Rani alikuwa tayari chini ya mlonge, kikapu begani.

"Sogea, mama, tunaukata huu," mmoja alimwambia Rani. "Mwenye nyumba hataki majani kwenye mfereji wake."

"Imeshanunuliwa? Mwenyewe ni nani?" Mak Senah aliuliza.

Yule mtu akatazama simu yake. "Senah binti Dollah."

Lilikuwa jina lake Mak Senah mwenyewe. Akakumbuka mwezi wa mfungo, alipojiwa na Fauzan, mtoto wa kaka yake, dereva wa tajiri mmoja Mmalei mwenye nyumba nyingi kuliko vidole vyake: shangazi, weka dole gumba hapa, ni msaada wa wachuuzi. Akaweka. Akapewa tende. Ndivyo tajiri alivyoinunua nyumba ya wanyonge kwa jina lake. Kumbe aliyekuwa akifagia ndotoni ni jina lake, limehamia bila yeye.

"Ulijua, dada?" Rani aliuliza.

"Niliweka dole. Sikuuliza la nini."

Aibu ilimuunguza. Akachomoa kitambulisho kwenye pochi ya kiunoni, akamsogezea yule mtu mpaka puani. "Senah binti Dollah ndiye mimi. Mti huu usiguswe."

Wale wawili wakakisoma, wakatazama simu, wakatazamana. Mwenye nyumba kasema. Wakabeba mashoka yao wakaondoka. Tajiri angekuja kesho na maneno yake, Mak Senah alilijua hilo, lakini mti ulikuwa umesimama.

Aligeuka kwa furaha kumtafuta shoga yake. Rani alikuwa ameshatoka. Alisimama upande wa pili wa uwazi, kikapu kitupu mikononi, wala hapakuwa na mzaha machoni mwake.

"Mwenye nyumba," alisema, "naomba majani kidogo."

Tangu azaliwe hakuwahi kuomba ruhusa mahali pale.