Kivuli cha Mayai ya Kasa

Mama Rehema alikuwa ameshona nguo mtaani Kamalondo, mbali na pwani, miaka thelathini bila kuiona bahari. Aliyekwenda kuishi nayo ni binti yake, Alima. Alisomea wanyama, akapata kazi Muanda, kule Kongo inakogusa bahari, ya kulinda kasa wanaopanda ufukweni kutaga. Majirani walipouliza kwa nini mtoto mwenye diplomu asitafute kazi migodini, Rehema aliinamia mashine yake akaendelea kushona.

Msimu uliopita Alima alipiga simu. Mchanga ulikuwa na joto kuliko miaka yote aliyoupima. Mayai mengine yaliiva humo humo, na kwa joto lile, yanayopona karibu yote hutoa majike.

"Mama, madume ikikosekana, kasa itaisha," alisema. "Tunafunika viota na turubai, lakini upepo inapasua."

Rehema aliomba vipimo. Akashona vivuli kumi vya kitambaa kizito, akavitia pete za chuma kwenye pembe, akavituma kwa ndege. Wiki tatu hazikuisha, vikachanika: chumvi ilikula pete, kutu ikala kitambaa. Alima hakulalamika, alituma picha tu. Picha haikumtosha mama yake. Alifunga karakana, akapanda ndege hadi Kinshasa, kisha akakaa siku mbili barabarani na mashine ndogo ya kushona mapajani.

Asubuhi ya kwanza aliitazama bahari kidogo tu, kwa sababu macho yalivutwa na binti yake. Alima alikuwa amepiga magoti, akihamisha mayai mia na moja kutoka kiota ambacho maji yangekifikia. Aliyabeba moja moja bila kuyageuza, maana yai likigeuzwa kilichomo hufa. Ilimchukua saa mbili, na hakuinua kichwa hata mara moja. Rehema alikuwa amefundisha wasichana wengi kushona, na mikono yenye subira namna ile aliiona mara chache. Aliona aibu kwamba majirani walipouliza hakuwaambia kitu.

Wakashona pamoja vivuli kumi vipya. Pete ziliachwa, wakaweka vitanzi vya nailoni. Kitambaa kizito nacho kikaachwa, wakatumia wavu unaopitisha upepo, kila pindo mishono mitatu. Chini yake kipimajoto kilishuka digrii tatu. Kivuli kimoja kilichukuliwa na mawimbi pamoja na kiota chake. Tisa vilishika.

Mayai yalipoanguliwa Rehema alikuwa amesharudi Kamalondo, akimpima jirani yake Mama Syntiche gauni la harusi. Simu ikaita. Kwenye kioo cha simu kasa wadogo, weusi, walikuwa wanakimbilia maji, wengine wakipinduka, wakijiinua tena. Mama Syntiche aliuliza ni nini vile.

"Ni kazi ya mutoto wangu," Rehema alisema. "Eko anachunga bahari."

Alima aliomba vivuli arobaini kwa msimu unaokuja. Mama yake akamwambia atashona sitini, kisha akarudi kwenye gauni, pini bado mdomoni.