Owori Yuko Hewani

...na hii alama ya kijani kando ya jina lake imetoka wapi, jana haikuwepo, haijakuwepo tangu Machi, na Prossy msusi amenibana kichwa kwa magoti yake, "tulia nyabo, huku nyuma nakwenda kuharibu," nami natulia, simu iko mapajani, waya mmoja sikioni, sikio la pili ni la Prossy na la malori yanayonguruma kwenye foleni ya mpakani, mchana kweupe, jua la saa nane limelala mlangoni mwa saluni, na kwenye kioo cha simu, ndani ya mchezo wetu wa kupigana, imeandikwa Owori yuko hewani... Owori, kaka yangu, tuliyemzika kijijini Paya miezi mitatu iliyopita. Labda mtandao umechanganyikiwa, mitandao huchanganyikiwa, hapa mpakani simu haijui hata iko Uganda au Kenya, lakini chini ya jina imeandikwa tena, Owori anakualika kundini, Kubali, Kataa, na mimi sichezi na kundi siku hizi, nacheza solo, naruka peke yangu kutoka kwenye ndege, najificha kwenye nyumba za pembeni, hakuna wa kuniita njoo huku, hakuna wa kuniinua nikianguka, nikifa nimekufa, naanza upya, na ni afadhali hivyo kwa sababu anayecheza peke yake hana wa kumwacha, "...sasa Aidah anataka gauni la gomesi la zambarau," Prossy anasema, "na ngozi yake ile, zambarau?" nasema mm, harusi ya Aidah, ndiyo, zambarau...

Tulikuwa watatu, mimi na Owori na Wandera, fundi wa pikipiki wa Busia ya ng'ambo, ambaye uso wake niliuona mara moja tu, siku ya mazishi, siku nyingine zote alikuwa sauti sikioni, na siku aliyokufa Owori alikuwa Tiira machimboni, amekaa juu ya shimo la dhahabu akisubiri zamu yake ya kushuka, tukaingia mchezoni, mimi nikakimbilia mbele nikauawa, Owori akanifokea, Wandera akisikia, wewe Nyafwono ndiye unatuua kila siku, nikasema basi chezeni wenyewe, nikabonyeza Ondoka. Hivyo tu. Mechi ilikuwa imebaki kama dakika ishirini. Shimo liliporomoka mchana huohuo, wakamtoa kesho yake, simu mfukoni imeshiba tope, na tangu hapo nalala na neno moja naamka nalo, ningebaki mechini angebaki juu, ningebaki mechini angebaki juu, sijamwambia mtu, mama hajui, mama ameifunga ile simu kwenye shati la Owori ndani ya sanduku la bati, haiwaki, fundi wa Tororo aliifungua akasema hii imekufa, mama, ipumzishe, sasa nani... nani amewasha nini... "Umelala?" Sijalala, dada Prossy. "Basi inua kidevu kidogo."

Kidole kimebonyeza Kubali. Sijakiona kikibonyeza. Sasa tuko uwanjani, tunangoja ndege, mimi na mtu mmoja mwenye kofia ya manjano, na ile kofia ni ya Owori, alishinda mechi kumi mfululizo akapewa, amesimama ananitazama, maiki yake iko wazi, nami nasikia... si pumzi... ni maji, tone moja, kimya, tone jingine, mahali penye kina, na nyuma ya maji kitu kinakwangua taratibu kama ukucha kwenye udongo, "he, mbona shingo imesisimka hivi," Prossy anasema, "baridi gani na jua hili," kisha mlio, mtu wa tatu ameingia, ni Wandera, "Nyafwono! Aki umerudi! Nimeona mwaliko wako nikafikiri naota," mwaliko gani, nanong'ona, "si wewe uko kwa akaunti ya Owori?" mimi niko kwa yangu, Wandera, nilidhani ni wewe, "mimi? Sina neno lake la siri," hata mimi sina... na maji yanadondoka katikati yetu.

Ndege inaruka, tunaanguka watatu kwa mwamvuli juu ya mashamba yale ya uongo, na woga unanikamua, unanitoa lile neno kama mtu anayetapika, Wandera, siku ile ningebaki asingeshuka. "Nani amekuambia hivyo?" Nilijiambia mwenyewe. "Nyafwono, sikia, ulipotoka tulicheza hiyo mechi mpaka mwisho, tukashinda. Tukaanza ingine, tukaimaliza pia. Alikuwa anacheka, anasema dada yangu hasira zake hazilali, kesho atarudi. Ndio wakamwita zamu yake, akashuka." Mechi mbili... mechi mbili, dakika zangu ishirini zilipita akiwa juu, akicheka, zikapita na nyingine, kwa nini hukuniambia, miezi mitatu Wandera, kwa nini, "ningekuambia wapi? Kwa mazishi ulikuwa hushikiki, simu zangu hushiki, kila mwaliko unakataa, wewe na solo yako," na ni kweli, ni kweli, nilikuwa nimejifungia ndani na uongo wangu, hakuna wa kuniuliza umeutoa wapi, machozi yanashuka na siwezi kuyafuta kwa sababu Prossy ameshika kichwa, "nimekuvuta sana? Pole, pole."

Tumefika kwenye nyumba. Kofia ya manjano iko mbele yetu, mlangoni, inachuchumaa, inasimama, inachuchumaa, inasimama, na hivyo ndivyo Owori alivyofanya kwenye kila mlango, alisema ni hodi, hata nyumba ya adui ina mwenyewe, "umeona?" nimeona, "Nyafwono, tutoke, hii si kitu ya mchana," na kitufe cha Ondoka kiko chini ya kidole gumba changu, kinapumua pale, pengine kuna mtu ameiiba akaunti, pengine ni mashine tu inarudia alichoifundisha, sijui, na sitajua, lakini mimi siwi tena mtu wa kutoka, nasema kwa sauti, tangulia, Owori, tangulia kaka, sisi tuko nyuma yako, na mlango unafunguka, anaingia, maji yananyamaza, na Prossy anauliza unaongea na nani wewe, nasema na kaka yangu, mikono ya Prossy inasimama nyweleni, naye alikuwepo Paya kwenye mazishi, alitupa udongo kaburini kama sisi wote... kisha anachukua uzi mwingine, anaendelea kusuka.