Kibao cha Namba Mbili

Karani wa makao makuu aliuliza kwa mara ya tatu kama hiyo ndiyo Namba Mbili, na Fundi Spana akasikia damu inampanda hadi masikioni. Kibao kilikuwa mbele ya macho ya mtu, shaba tupu, namba kubwa kama sahani.

"Kaka, unajua kusoma?"

"Najua, fundi. Lakini nataka sahihi yako. Barua inasema injini iliyovuta treni ya kwanza iwekwe mbele ya stesheni, watu waione. Nyingine zikatwe."

Nyingine zilishakatwa. Spana mwenyewe ndiye aliyezikata, zote nne, na vipande vilikuwa nje vikisubiri lori la chuma chakavu. Zilikuwa injini tano za mvuke za reli nyembamba, fupi, zenye matangi ya maji ubavuni kama punda aliyebebeshwa madebe, na zilifanana kama watoto wa tumbo moja. Namba Mbili ilikuwa ya marehemu baba yake. Mzee aliiendesha tangu treni ya kwanza mpaka alipostaafu, na Spana alikuwa ameapa kwamba hiyo haitaguswa na moto wa gesi ya kukatia hata wamfukuze kazi.

Basi atie sahihi yaishe. Lakini kalamu ilipokaribia karatasi, akaukumbuka mchezo wa vibao.

Zamani mkaguzi wa boila alikuja kila mwaka, na kila mwaka kati ya boila tano ni moja tu iliyokuwa nzima. Ni Spana, kwa akili zake nyingi, aliyegundua kwamba kibao kinashikwa na skrubu nne tu. Leo ile nzima inakaguliwa kama Moja. Jioni inabandikwa kibao kingine, kesho inakaguliwa kama Mbili. Siku tano, vyeti vitano, injini ileile, na mkaguzi anaondoka akiisifu karakana. Mafundi walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha vibao vilirudishwa mahali pake. Mwanzoni. Miaka ya mwisho, nani alikuwa na muda huo?

"Nisubiri," alimwambia karani, akamtuma mlinzi amwite mama yake kwenye nyumba za reli, hapo nyuma tu.

Mama alifika na povu la sabuni mikononi. "Umenitoa kwenye nguo zangu kwa ajili ya chuma?"

"Mama, samahani. Hii ndiyo ya baba?"

Kibao hakukitazama hata kidogo. Alipanda kwenye kibanda cha dereva huku akilalamikia magoti, akapitisha mkono nyuma ya mshikio wa breki, akapapasa, akapapasa tena.

"Siyo."

"Siyo vipi?"

"Hakuna alama. Baba yenu kila alipozaliwa mmoja wenu alipiga tupa alama moja hapa. Ziko nne. Yako ndefu, maana ulinitesa siku mbili nzima, na kunitesa hujaacha."

Alama hizo Spana alikuwa ameziona, wiki iliyopita, kupitia miwani ya kukatia chuma. Kibao cha injini ile kilisema Nne. Alidhani ni mikwaruzo ya mnyororo. Tena ile ndefu ilikuwa imenyooka vizuri, akaifanya mstari wa kufuatisha moto.

Alitoka nje karibu akikimbia, akaanza kuvuta vyuma kwenye rundo, akivitukana kimoja kimoja, akimtukana mkaguzi, karani na lori. Mwishowe akakitoa kipande kimoja na kukifuta kwa shati. Alama tatu fupi, na pembeni kabisa, kwenye ukingo, nusu ya ile ya nne. Mkato ulikuwa safi, wa mtu anayeijua kazi yake.

Hasira zilimwishia pale pale. Ilibaki aibu tu, na hamu ya kulia kama mtoto.

Karani alikuwa amewafuata nje, yeye na mama, na karatasi yake. "Kwa hiyo, fundi, ile ya ndani ndiyo Namba Mbili?"

Safari hii Spana hakumfokea. Alimgeukia mama, akamnyooshea kile kipande.

Mama alikipokea kwa mikono miwili, akazihesabu alama kwa kidole, polepole.

"Ndugu zako watatu wapo," alisema. "Wewe umejikata mwenyewe."