Dawa ya Mibuni Mizima

Kaanaeli alikuwa katikati ya mstari wa mibuni, pampu ya dawa mgongoni, mkono wa kushoto ukipiga mpini, pale mpini ulipomponyoka. Akaushika. Ukaponyoka tena. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Mkewe, Eunike, aliyekuwa akikoroga mrututu, dawa ya ukungu wa mibuni, kwenye pipa, aliona. Shemeji yake Aminiel aliangusha kikombe hivyohivyo mwaka jana kiharusi kilipomwanza, na mpaka leo anaburuta mguu.

"Baba Godbless, cheka nikuone."

"Nicheke nini? Umesema la kuchekesha?"

"Cheka! Inua mikono yote."

"Kwani umekuja kunikamata?"

Mdomo haukupinda, mikono ilipanda sawa, lakini Eunike hakutaka kubahatisha. Alimvua pampu, akasimamisha pikapu ya jirani, wakateremka hospitalini.

Daktari, binti mpole aitwaye Hanna, aliwaamkia, akampima presha, akampima nguvu za mikono, kisha akabonyeza alama nyekundu begani.

"Si kiharusi, mzee wangu. Mkanda wa pampu umebana mshipa wa fahamu. Ganzi itaisha."

Eunike alishusha pumzi ndefu. Hapo ndipo alipogundua kwamba bado ameshika kijiti cha kukorogea.

"Na vile vidonge vya kushusha lehemu, mafuta ya kwenye damu, bado unameza?" daktari aliuliza, akitazama faili lake.

Kaanaeli alitazama dari. "Niliacha. Kipimo kilisema imeshuka. Mtu mzima wa afya anameza dawa ya nini?"

"Imeshuka kwa sababu ulikuwa unameza. Ukiacha inapanda kimyakimya, husikii maumivu yoyote, na siku moja mshipa wa kichwani unaziba."

Eunike akamgeukia mumewe. "Na mibuni? Leo umeona ugonjwa wowote?"

"Hakuna. Mizima kabisa."

"Sasa ulikuwa unaipigia dawa ya nini?"

"Ukingoja mpaka uuone kwenye tunda, umechelewa," Kaanaeli alisema polepole. Kisha akaangua kicheko. "Daktari, maneno hayo namwambia kila mtu pale kijijini Akheri!"

Daktari naye akacheka, akamwandikia vidonge upya.

Jioni ganzi ilikuwa imekwisha. Kaanaeli alimeza kidonge chake mbele ya Eunike, akatoka kutazama shamba. Mrututu ulikuwa umetuama pipani, haufai tena, na mistari iliyobaki ilikuwa mingi kuliko iliyopigwa.

"Kesho nakoroga mwingine," alisema Eunike. "Pampu atabeba Godbless."

"Mwanao yule? Ataruka majani ya chini."

"Basi utasimama hapo umwonyeshe."