Kofia ya Kwenye Bati

Mjini kwetu Bikira Maria akikuokoa, asante ya mdomo haitoshi. Unakuja kwangu nikuchoree muujiza wako kwenye kipande cha bati, juu picha, chini shukrani, ukakitundike kanisani. Nimeshachora ng'ombe aliyetolewa kisimani, na mzee aliyepona tumbo la kuhara. Huyo mzee nilimchora kwa mbali.

Dada yangu Herminia alipomkimbia mumewe, Abundio, nikamwambia, "Na wewe una muujiza. Kaa hapo."

"Nani ataniamini?"

Kweli. Abundio alishatangaza mtaa mzima kwamba zile alama za usoni ni za kuanguka ngazini. Mama yake, Doña Petra, akaamini, akamshikilia mjukuu wake, Lucha. Eti anayekimbia ndoa bila sababu hapewi mtoto.

Nikachora jiko, chungu cha maharagwe kimepinduka, mwanamke amejikinga uso, na mwanamume ametugeuzia mgongo, kofia kichwani, mkanda mkononi. Herminia alikataa sura na majina. Chini nikaandika: "Mwanamke wa mji huu anamshukuru Bikira kwa kumwonyesha mlango."

Jumapili ya sikukuu, misa ilipoisha, watu wakajazana ukutani tulipolitundika bati. Wa kwanza kunivuta kando alikuwa muuza nyama.

"Binti, mbona umenichora?"

"Mjomba, kofia hiyo si wanaume wote wanayo?"

"Lakini shingo hiyo ni yangu."

Baadaye akaja mpiga tarumbeta naye, ananong'ona, "Siku hizi nimeacha. Ifute." Sikujua nicheke au nitapike.

Abundio hakunong'ona. Aliwapiga watu vikumbo hadi mbele, akanyoosha mkono alibandue bati.

"Huyu ni mimi! Nani kakuruhusu kunichora?"

"Wewe, shemeji? Huyu ana mkanda. Wewe si una ngazi?"

"Usinifanye mjinga! Hata chungu chenyewe ndicho kile nilichompi—"

Akafumba mdomo. Kanisa zima likamtazama. Nyuma yake alisimama Doña Petra, nta ya mshumaa inamchuruzikia vidoleni asijue.

"Mama, wanani—"

"Toa mkono kwenye bati la watu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tangu nimeingia naitazama picha hii. Nilidhani ni marehemu baba yako."

Abundio akashusha mkono. Njia aliyoifungua kwa vikumbo, safari hii watu walimpisha wenyewe, wala hakuna aliyemsalimia.

Jioni haijaingia, Doña Petra akabisha hodi kwetu, Lucha mkono huu, kifurushi cha nguo mkono ule, na juu yake tamale za moto, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani. Hakuketi. Alimkabidhi Herminia mtoto, akanigeukia.

"Bati lingine unalo?"

"Ninalo, Doña Petra. Nichore nani?"

"Mgongo ni uleule. Mwanamke ndiye utambadilisha."

Nilipotoka kumsindikiza na kurudi, Herminia alikuwa amelala fofofo, Lucha kifuani, tamale nusu mkononi. Mlango, ambao tangu amkimbie Abundio tulikuwa tukiufunga kwa komeo, wameuacha wazi. Sikuufunga.