Mkeka wa Barazani

Barua ya chuo ilikuwa na masharti matano, lakini lililomkosesha Tumpe usingizi ni moja tu: kila mfanyakazi aliyeruhusiwa kufanyia kazi nyumbani aonekane kwenye kikao cha mtandaoni saa mbili kamili asubuhi, na atakayekosa mara tatu atarudi ofisini. Tumpe alikwisha kukosa mara mbili.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kule Mbeya, watu saba, dirisha moja lisilofunguka. Tumpe alikuwa na pumu. Korona ilipoingia, daktari alimkataza kukaa chumba kile hata siku moja. Ndiyo maana akapewa ruhusa, akabeba kompyuta ya kazini na majalada ya matokeo ya wanafunzi, akaja kijijini Ikuti kwa wazazi wa mumewe.

Ikuti kuna hewa, kuna ndizi, kuna chai mpaka karibu na mlango. Mtandao ndio hakuna. Alijaribu jikoni, akajaribu mgombani, akapanda hadi kanisani akanyeshewa mpaka mifupa. Mwishowe akagundua kwamba unashika mahali pamoja tu: pembe ya baraza, hatua nne kutoka kwenye kigoda cha baba mkwe, Mzee Asajile, ambaye kila asubuhi huketi hapo na redio yake akingoja ukungu uondoke.

Na Mzee Asajile alikuwa mtu wa zamani. Kwake, mkamwana hakai mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni, hasemi akasikika. Majirani wengi walikwisha kuiacha desturi hiyo, yeye hakuiacha. Miaka mitatu ya ndoa, Tumpe alimjua zaidi kwa kikohozi kuliko kwa sura. Mumewe aliwahi kutania kwamba baba alianza kukaa mbali na watu kabla serikali haijasema.

Mama mkwe, Tusekile, alimshauri avumilie. Mzee akienda kuchuma chai saa nne, baraza itakuwa yake. Tumpe akamweleza kwamba kufika saa nne yeye atakuwa amekwisha kuitwa Mbeya. Alieleza kwa sauti ndogo, macho chini, kama kawaida yake. Alipomaliza, akachukua kamba na mkeka uliokuwa umekunjwa nyuma ya mlango.

"Mama, naomba umwambie baba kwamba natundika mkeka. Yeye abaki kwake, mimi nibaki kwangu."

Tusekile alimtazama. "Akikataa?"

"Atakuwa amekataa mkeka ukiwa umeshatundikwa."

Ujumbe ulipelekwa. Kilichorudi ni kikohozi na redio. Tumpe akafunga kamba nguzo kwa nguzo, akaketi upande wa pili na kompyuta mapajani.

Mkuu wa kitengo, Bwana Alfred, alipomwona tu akauliza kama pale ni kazini au kanisani, maana redio ilikuwa inapiga kwaya. Wenzake wakacheka. Akaendelea kwamba watu wa nyumbani wanalala tu, na kwamba aliyekosa mara mbili afungashe, Jumatatu awe mezani kwake. Tumpe akaanza kujibu, akakatishwa. Akaanza tena, akakatishwa.

Nyuma ya mkeka, redio ikazimwa.

Mara ya tatu hakungoja kupewa nafasi.

"Mkuu, samahani, nimalize. Barua inasema mara tatu. Mimi nimekosa mbili, na leo nipo. Matokeo ya idara zote tatu nimeyaingiza, yako kwenye barua pepe yako tangu juzi. Chumba kile kitaniua. Siombi upendeleo, naomba barua ifuatwe kama ilivyoandikwa."

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Alfred alionekana akiinama, akitafuta kitu kwenye kompyuta yake. Kisha akasema aendelee huko huko, akaita jina linalofuata.

Ndipo Tumpe alipokumbuka ni nani aliyekuwa hatua nne kutoka kwake, akisikia kila neno. Akajifunika mdomo kwa kanga. Mzee akapaza sauti kuelekea jikoni, kama mtu anayesema na mkewe tu.

"Tusekile, mwambie mwenye mkeka, kesho saa mbili redio haitawashwa. Na huyo bwana aache tabia ya kumkata mtu maneno."

"Mwambie mwenyewe," Tusekile akajibu. "Mkeka si ukuta."

Mzee hakumwambia. Ila kesho yake, Tumpe alipotoka na kompyuta yake, alikuta mkeka umekazwa kwa misumari, na upande wake yeye kumewekwa kigoda cha pili.